Umeambiwa mifupa yako ni dhaifu? Usikubali kukaa kitini

UMETOKA hospitalini na bahasha mkononi. Ndani yake mna karatasi yenye picha ya uti wako wa mgongo na nambari ambazo hukuzielewa hata baada ya daktari kukueleza. Neno moja tu ndilo lililokukwama kichwani: osteoporosisi. Ukiwa ndani ya matatu kuelekea nyumbani, kila dereva anapokanyaga breki unashika chuma cha kiti kwa mikono miwili. Jana ulisafiri kwa gari kama hilo bila wasiwasi. Leo unajiona kama chungu ambacho kikiguswa tu kitapasuka.

Mpenzi msomaji, ikiwa hali hiyo ni yako, au ni ya mama yako, shangazi yako au mzee wako nyumbani, basi makala haya ni yako. Jambo la kwanza unalofaa kujua ni kwamba mifupa yako leo haina tofauti na ilivyokuwa jana kabla ya kupimwa. Kilichobadilika ni kuwa sasa unajua. Watu wengi huja kujua wakiwa wamelala kitandani katika wadi ya mifupa, nyonga ikiwa tayari imevunjika. Karatasi uliyopewa ni onyo, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la pili ni kuwa katika wiki hizi za kwanza woga unaweza kukudhuru kama maradhi yenyewe. Mtu akiambiwa mifupa yake ni dhaifu, huamua kutulia. Haendi sokoni, hapandi ngazi, na watoto wake humwambia, "Mama, wewe kaa tu." Kukaa huko ndiko kunakoharakisha kile anachokiogopa.

MFUPA NI KITU HAI

Wengi wetu tumezoea kuufikiria mfupa kama jiwe au mti mkavu. Sivyo. Mfupa ni kitu hai, una damu na una neva. Kila siku kuna chembe zinazobomoa sehemu zilizochakaa na chembe nyingine zinazojenga upya mahali hapo. Wataalamu wanakadiria kuwa katika muda wa miaka 10 hivi, mtu mzima huwa amebadilishiwa karibu mifupa yote ya mwili wake.

Mtu anapokuwa kijana, ujenzi hushinda ubomoaji. Mifupa hufikia kilele cha uzito wake anapokaribia umri wa miaka 30. Baada ya hapo mizani huanza kuinama upande wa pili, polepole sana. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa akina mama, hali hii hupata kasi hedhi inapokoma. Homoni ya estrojeni ndiyo inayozuia zile chembe za kubomoa zisizidishe kazi. Homoni hiyo inapopungua, kizuizi huondoka. Mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mifupa yake katika miaka mitano hadi saba baada ya hedhi kukoma. Ndani ya mfupa, vijitundu vilivyokuwa vidogo hupanuka, na kuta zinazovitenganisha huwa nyembamba. Ukiutazama kwa nje, mfupa ni ule ule. Nguvu yake ndiyo iliyopungua.

Ubaya wa maradhi haya ni kuwa hayaumi. Mfupa unaopungua hautoi maumivu wala homa. Kwa hivyo usijilaumu kwa kutotambua mapema. Hakuna ambaye angehisi.

KUISOMA KARATASI YAKO

Kipimo ulichofanyiwa huitwa deksa. Ni picha ya miale hafifu sana, ambayo hupima uzito wa madini katika uti wa mgongo na nyonga. Mashine hizi hupatikana zaidi katika miji mikubwa, kwa hivyo huenda ulisafiri ili upimwe.

Katika karatasi yako tafuta herufi T. Alama hiyo hulinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya. Sifuri ni sawa na kijana huyo. Kulingana na vipimo vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka wa 1994, kuanzia -1 kwenda juu ni hali ya kawaida. Kati ya -1 na -2.5 mifupa imepungua, lakini bado haijafikia kuitwa osteoporosisi. Kuanzia -2.5 kwenda chini ndiyo osteoporosisi. Vipimo hivi ni vya akina mama ambao hedhi imekoma na wanaume waliotimu miaka 50.

Sasa sikiliza vyema. Alama hii si hukumu. Wako watu wenye -3 ambao hawajavunjika mfupa wowote, na wako wenye -2 waliovunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza tu bafuni. Hatari yako hutegemea pia umri wako, iwapo uliwahi kuvunjika mfupa baada ya miaka 50, iwapo mzazi wako alivunjika nyonga, dawa unazotumia, na zaidi ya yote, iwapo utaanguka. Ikiwa umewahi kuvunjika mara moja kutokana na kuanguka kwa kawaida, hatari ya kuvunjika tena huwa takriban maradufu. Mwambie daktari jambo hilo hata kama lilitokea zamani na ukalisahau.

KWA NINI MIMI?

Hili ni swali ambalo kila mgonjwa hujiuliza usiku. Baadhi huongeza, "Nilidhani haya ni maradhi ya wazungu." Ni kweli kuwa kwa wastani watu weusi wana mifupa mizito zaidi. Lakini wastani ni wa umati, wewe ni mtu mmoja. Inakadiriwa kuwa kote duniani, mwanamke mmoja kati ya watatu waliopita miaka 50 atavunjika mfupa kutokana na maradhi haya, na mwanamume mmoja kati ya watano. Waafrika wamo, na kadiri tunavyoishi miaka mingi zaidi ndivyo watakavyoongezeka.

Mara nyingi sababu ni umri na kukoma kwa hedhi tu. Hata hivyo, kuna sababu nyingine ambazo daktari anafaa kuzichunguza kabla hujaanza matibabu. Dawa kama prednisoloni, ambazo wengi wetu hutumia kwa pumu, baridi yabisi au maradhi ya ngozi, hudhoofisha mifupa zikitumiwa kwa miezi mitatu au zaidi. Baadhi ya dawa za kifafa na dawa za kuzuia homoni kwa wagonjwa wa saratani ya matiti au ya tezi ya kiume hufanya vivyo hivyo. Tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, hedhi iliyokoma kabla ya miaka 45, kuondolewa ovari, uvutaji sigara na unywaji pombe kupita kiasi pia vimo.

Dawa ya tenofoviri, inayotumiwa na watu wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi, hupunguza uzito wa mifupa kwa kiasi kidogo. Sindano ya kupanga uzazi inayodungwa kila miezi mitatu nayo hupunguza mifupa wakati mwanamke anapoitumia, ingawa sehemu kubwa hurudi akiiacha.

Tahadhari: usiache dawa yoyote kati ya hizi kwa sababu umesoma hapa. Anayeacha prednisoloni ghafla anaweza kuzirai, na anayeacha dawa za ukimwi anahatarisha maisha yake. Nenda na dawa zako zote katika mfuko mmoja, uziweke mezani mbele ya daktari, umwulize ni ipi inayoweza kubadilishwa.

KAA NA UMALIZIKE, TEMBEA UPONE

Tuseme umeamua kutii watoto wako na kukaa. Je, mwilini mwako hutokea nini?

Mfupa hujengwa kwa kubebeshwa uzito. Unapotembea, kila hatua ni ujumbe kwa zile chembe za ujenzi kuwa bado kuna kazi. Ukikaa, ujumbe hukoma. Wakati huo huo misuli ya mapaja hupungua, magoti hulegea, na mwili husahau namna ya kujishika unapoyumba. Baada ya miezi michache unasimama kwenda msalani, unayumba, unaanguka. Zaidi ya mivunjiko 90 kati ya 100 ya nyonga hutokana na kuanguka. Katika nchi ambako mambo haya yamefuatiliwa, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano waliovunjika nyonga hufariki katika mwaka mmoja, na wengi wanaopona hawarudii tena uwezo wao wa zamani wa kutembea.

Ndiyo sababu madaktari husema tembea. Dakika 30 kwa siku, siku nyingi za wiki, katika njia iliyo sawa na wakati wa mwanga. Ukishindwa na 30, anza na 10 asubuhi na 10 jioni. Shuka steji moja kabla ya yako. Panda ngazi ukishika chuma. Kama wewe ni wa kwaya, endelea kuimba na kucheza pamoja na wenzako. Kuogelea ni kuzuri kwa moyo na viungo, lakini maji hukubebea uzito, kwa hivyo mifupa hainufaiki sana.

Ongeza mazoezi mawili yasiyohitaji pesa. La kwanza, kaa kwenye kiti imara kisha simama bila kutumia mikono, mara 10. Ukishindwa, anza kwa kutumia mikono. La pili, simama mbele ya sinki ya jikoni, ishike kwa mikono miwili, inua mguu mmoja uhesabu hadi 10, kisha mwingine. Baada ya wiki kadhaa shika kwa mkono mmoja, halafu kwa vidole viwili. Zoezi hili hukufundisha kujishika unapoyumba.

Ikiwa pingili ya mgongo imekwisha kuvunjika, au unapata maumivu, kwanza mwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Atakuonyesha mazoezi yanayokufaa.

KAZI YA KUACHA NA KAZI YA KUENDELEZA

Pingili za uti wa mgongo huvunjika kwa urahisi zaidi mtu anapoinama mbele akiwa na mzigo, hasa akijipinda upande. Sasa fikiria kazi za nyumbani. Kufua blanketi kwenye beseni lililo sakafuni na kulikamua. Kuinua mtungi wa maji wa lita 20. Kupiga deki kwa kuinama, miguu ikiwa imenyooka. Kuvuta mtungi wa gesi kutoka chini ya meza. Yote haya ni kuinama na kujipinda na mzigo.

Usiache kufua. Weka beseni juu ya meza au kigoda kirefu, ufue ukiwa wima, na mablanketi umwachie mwenye mgongo wa ujana. Usiache kufagia. Nunua ufagio wenye mpini mrefu. Maji chota kwa ndoo ndogo, mara nyingi. Ukienda sokoni gawanya mboga katika mifuko miwili myepesi, kila mkono wake. Ukitaka kuokota kitu, piga magoti au chuchumaa mgongo ukiwa umenyooka, huku umeshika meza. Kazi za kuinua vitu vizito kutoka chini, waachie wengine bila aibu.

Na mjukuu je? Hili ndilo huwaliza wengi. Nyanya aliyezoea kumrusha mtoto hewani na kumdaka huambiwa asimguse kabisa. Hakuna haja ya ukatili huo. Keti kitini na mwite apande mwenyewe mapajani pako. Akiwa mchanga, aletewe mikononi mwako ukiwa umeketi. Usimwinue tu kutoka sakafuni, wala usimbebe mgongoni kwa leso huku ukiinama kupika. Mtoto hatajua tofauti. Wewe utajua, lakini utakuwa bado una mjukuu mapajani.

KAGUA NYUMBA YAKO LEO

Mwenda pole hajikwai, lakini hata mwenda pole huteleza penye sabuni. Anza na bafu, maana sakafu za saruji laini au vigae zikilowa huwa kama barafu. Weka mkeka wa mpira usioteleza, na umwite fundi akutilie chuma cha kushikilia karibu na choo na mahali pa kuogea. Fundi akitoboe ukuta sawasawa. Chuma kilicholegea ni hatari kuliko kutokuwa nacho.

Ondoa zulia dogo la mlangoni linalokunjika. Nyaya za televisheni na za pasi zipite kando ya ukuta. Kandambili zilizolika zitupe. Vaa viatu vya soli ya mpira visivyoteleza, vinavyoshika kisigino, hata ndani ya nyumba. Siku ya kupiga deki, kaa nje na jirani hadi sakafu ikauke.

Stima hupotea bila kubisha hodi. Weka tochi chini ya mto wako, si ndani ya kabati. Ikiwa choo kiko nje, usitoke usiku gizani. Tumia ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda, kwani afya haina aibu. Ikiwa ngazi za ploti hazina taa, wapangaji mzungumze na mwenye nyumba kwa pamoja.

Katika matatu, usikubali kuharakishwa na makanga. Usishuke kabla gari halijasimama kabisa. Mwambie mapema, "Nitashuka steji ijayo na sitaruka." Atanung'unika, lakini manung'uniko hayavunji nyonga.

Mwisho, pimwa macho. Mtoto wa jicho na miwani ya zamani huangusha watu wengi. Na ukiona kizunguzungu unaposimama, huenda ni dawa ya presha au ya usingizi. Mweleze daktari.

CHAKULA NA JUA

Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za madini ya kalsiamu kwa siku. Kikombe kimoja cha maziwa cha mililita 250 kina karibu miligramu 300, na maziwa lala ni vivyo hivyo. Kwa hivyo vikombe viwili vya maziwa hukufikisha nusu ya safari. Nusu nyingine iko katika vyakula tunavyovijua. Omena huliwa na mifupa yake, ndiyo maana ina kalsiamu tele. Gramu 100 za unga wa wimbi zina zaidi ya miligramu 300, ilhali unga wa mahindi una kidogo mno. Sukuma wiki na maharagwe pia husaidia. Spinachi na terere zina kalsiamu nyingi, lakini zina asidi inayoizuia isiingie mwilini kwa urahisi. Endelea kuzila kwa faida nyinginezo, ila usizitegemee kwa mifupa.

Usisahau mayai, samaki, ndengu na nyama, kwani mfupa hujengwa pia kwa protini. Mzee anayeshinda kwa chai na mkate pekee hawezi kujenga chochote. Punguza chumvi, maana chumvi nyingi hutoa kalsiamu mwilini kupitia mkojo.

Kalsiamu haiingii mwilini vyema bila Vitamini D, ambayo ngozi hutengeneza ikipata jua. Utasema jua si shida kwetu. Lakini hebu jiulize: unatoka nyumbani alfajiri, unashinda ofisini, unarudi giza likiingia. Au unashinda ndani ya nyumba, au umejifunika mwili mzima. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Toa mikono na miguu juani kwa muda kila siku, na umwulize daktari kama unahitaji vidonge.

Tembe za kalsiamu si za kumezwa kiholela. Ikiwa chakula chako kinatosha, nyingi zaidi hazikuongezei nguvu na zinaweza kukuletea mawe ya mafigo.

DAWA ISIYOHISIKA

Chakula na mazoezi pekee mara nyingi havitoshi ukishafikia osteoporosisi. Dawa inayoanzwa nayo zaidi ni alendroneti, ambayo huzuia zile chembe za kubomoa mfupa. Mwaka wa 1996 jarida la kitiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyiwa akina mama zaidi ya 2,000 wa Marekani, ambao pingili zao zilikuwa tayari zimevunjika. Katika miaka mitatu, waliomeza dawa hii walipata mivunjiko ya nyonga karibu nusu ya wale ambao hawakuimeza.

Tembe ya miligramu 70 humezwa mara moja tu kwa wiki, lakini ina masharti. Imeze ukiamka, tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Si kwa chai. Maziwa yaliyo katika chai huishika dawa isifanye kazi. Baada ya kuimeza, kaa wima au tembea kwa dakika 30 bila kula wala kulala tena, kwani ikikwama kooni huchoma. Chagua siku usiyokuwa na haraka. Ukiona Jumapili unakimbilia ibada ya kwanza, chagua Jumatano. Tembe za kalsiamu zimeze baadaye, na chakula.

Wasioweza kumeza, au wenye kiungulia kikali, hupewa dawa ya aina hiyo hiyo kwa dripu mara moja kwa mwaka. Siku mbili tatu za kwanza unaweza kuhisi homa na mwili kuuma kama mafua, kisha huisha. Mafigo yako hupimwa kwanza.

Kuna pia sindano ya denosumabu, inayodungwa kila baada ya miezi 6. Hii ina onyo kubwa: usiiache wala kuichelewesha kwa zaidi ya wiki nne bila daktari kukupa dawa nyingine mahali pake. Ikiachwa ghafla, mifupa hupungua kwa kasi na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa mpigo. Kabla hujaianza, uliza bei yake na kama bima yako inailipia, ujue kama utaweza kuendelea nayo.

Utasikia majirani wakisema dawa hizi huozesha taya. Jambo hilo lipo, lakini ni nadra sana. Kwa wagonjwa wa osteoporosisi, hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya 1,000. Mwone daktari wa meno kabla ya kuanza, ung'oe kinachohitaji kung'olewa, na uendelee kupiga mswaki. Vilevile, ukianza kuhisi maumivu mapya pajani au kwenye kinena, ripoti. Kwa baadhi ya watu waliozitumia miaka mingi, mfupa wa paja huweza kupata ufa. Ndiyo sababu baada ya miaka mitano hivi ya tembe, daktari hukadiria upya kama upumzike.

Hapa ndipo wengi huanguka njiani. Dawa ya kichwa humezwa, kichwa kikapoa, nawe ukaamini. Dawa ya mifupa haina cha kupoza. Ugonjwa ulikuja kimya na dawa nayo hufanya kazi kimya. Baada ya miezi minne mtu hujiuliza kwa nini anatumia pesa kwa kitu asichokihisi, kisha huacha. Usiache. Siku ambayo hukuvunjika haina sherehe, lakini ndiyo faida yenyewe.

WAAMBIE WATU WAKO

Kuna wanaoficha habari hizi ili wasionekane wazee, na kuna wanaozitangaza hadi nyumba nzima inawachukulia kama wagonjwa mahututi. Shika njia ya katikati. Waite watoto wako na uwaeleze mambo matatu: unachoweza kufanya, usichoweza kuinua, na namna wanavyoweza kusaidia. Badala ya kukuambia ukae, na wakusindikize kutembea jioni. Binti zako wana sababu ya ziada ya kusikiliza, kwani maradhi haya huenda katika familia, nao bado wana miaka ya kujenga mifupa yao.

Ukihuzunika, usishangae. Mwili ulioutegemea miaka yote umeonekana kukusaliti. Zungumza na mtu, hasa aliyeyapitia. Lakini huzuni ikikunyima usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa, hiyo pia ni ya kumpelekea daktari.

Kumbuka dalili hizi. Maumivu makali ya mgongo yanayokuja ghafla, hata bila kuanguka, huenda ni pingili imevunjika. Urefu ukipungua kwa sentimita nne kutoka ule wa ujana wako, au nguo zikianza kuning'inia mbele kwa sababu mgongo unapinda, rudi hospitalini. Na ukianguka ukashindwa kusimama, au mguu mmoja uonekane mfupi na umegeukia nje, usikubali kuvutwa wala kukandwa na mtu. Ulale hapo hapo, ufunikwe, na utafutiwe gari la wagonjwa.

Kabla ya kuiweka hiyo bahasha kabatini, andika nyuma yake maswali manne ya kumwuliza daktari siku ya kurudi: Kuna sababu nyingine iliyodhoofisha mifupa yangu? Dawa hii nitaitumia kwa muda gani? Nitapimwa tena lini? Ni kazi gani ya kila siku nisiyofaa kuifanya?

Kisha vaa viatu vyako vinavyoshika kisigino, funga mlango, utembee hadi dukani na kurudi. Kesho ufanye hivyo tena.